Mwacheni Mtoto Ajenge



Huenda baadhi yenu mmepata kuona katika televisheni mashindano ya kujenga kwa vitofali vya kuchezea, yaitwayo Lego Masters. Yalianza Uingereza mwaka 2017, kisha yakaenea Australia, Marekani na nchi nyingine. Watu wazima, tena wenye ndevu zao, hujenga wawili wawili kwa vitofali vidogo vya plastiki: minara, madaraja, wanyama, miji mizima. Waamuzi hupita wakikagua na kuuliza. Huko Marekani washindi hupata dola 100,000. Katika mashindano ya mwaka 2021 minara yao iliwekwa juu ya meza iliyotikiswa kama ardhi wakati wa tetemeko, ili ionekane ni upi utakaosimama. Sisi wa Rungwe, tunaoishi katika Bonde la Ufa, chini ya mlima uliowahi kutapika moto, tunaielewa hofu ya mjenzi yule bila kufasiriwa.

Mtu aweza kuguna: je, hao hawana mashamba? Swali hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba mchezo unaolipwa dola 100,000 huko, mtoto wa Kisondela akiucheza kwa udongo wa kando ya kijito, hulipwa fimbo. Amefinyanga nyumba, ameiezeka kwa majani ya mgomba, ameizungushia ua wa vijiti vya mianzi. Mama anaona nguo iliyochafuka. Baba anaona muda uliopotea. Nyumba inasukumwa kwa mguu. Hakuna aliyemwuliza mtoto kwa nini mlango ameuweka upande ule.

Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na mtazamo mwingine. Mama Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hadi 1938, aliandika juu ya vijiji vya marika katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja, waliochunga ng'ombe pamoja, walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Chakula waliendelea kukila kwa mama zao, wakienda kwa makundi, leo nyumba hii, kesho ile. Vibanda vya mwanzo vilikuwa vya kitoto, lakini walivyozidi kukua nao ujenzi wao ulikua, hata wakaoa na kuwaleta wake zao humo humo. Kilichoanza karibu na mchezo kikawa kijiji cha kweli. Sisemi turudi kwenye desturi ile; ardhi yenyewe siku hizi haitoshi migomba na chai. Nasema tu kwamba wazee wale walimwona mjenzi ndani ya mtoto.

Naye Nabii Zakaria, katika sura ya 8, anapoueleza mji uliorudishiwa amani, hataji ngome. Anataja wazee wenye mikongojo, na njia zilizojaa watoto wanaocheza.

Basi, ndugu yangu, leo mchana mtoto akikuita uone alichojenga, weka kikombe chini, uende. Chuchumaa. Mwulize nani anaishi humo, na mvua ya huku kwetu ikinyesha maji yatapita wapi. Usikimbilie kumsahihisha.

Vitofali vile vyenyewe vina asili yake katika karakana ya seremala, Ole Kirk Christiansen, wa kijiji cha Billund, nchini Denmark. Mwaka 1924 wanawe wawili wadogo, Karl Georg na Godtfred, walichezea moto. Maranda yakashika, karakana na nyumba ya familia vikateketea. Baba akajenga upya. Mwaka 1932, uchumi ulipoanguka na kazi za useremala kuadimika, akaanza kuchonga vitu vya kuchezea watoto. Mwaka huo huo mkewe akafariki, akamwachia wana wanne. Mtu mwingine angesema kwamba kwa nyumba ile mchezo umekwisha. Yeye aliendelea kuchonga, na wanawe wakajifunza kazi mikononi mwake. Husimuliwa kwamba siku moja Godtfred alijisifu kuwa amepaka mabata ya mbao vanishi mara mbili badala ya tatu, na hivyo ameokoa gharama. Adhabu yake ikawa kazi: alirudishwa stesheni kuyachukua yale mabata, akayapaka mara ya tatu usiku ule ule.

Godtfred huyo, mmoja wa watoto wa moto ule wa 1924, ndiye aliyeomba hataza ya kitofali chenye mirija ndani yake, tarehe 28 Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Mirija hiyo ndiyo inayovifanya vitofali vishikane imara, na kitofali cha mwaka ule bado hushikana na cha leo.