Kabla Hatujamlipa Dalali
Hotuba ya kamati ya fedha na elimu katika mkutano mkuu wa mwaka, Desemba 2024



Kila mwaka tunasimama hapa kusoma mapato na matumizi. Mwaka huu, kabla ya kuwaomba mchango mpya, tunataka kuwaeleza habari ya mchango mmoja wa zamani ambao tuliutumia vibaya. Katika vitabu vyetu umeandikwa "msaada wa masomo, 2021, shilingi 1,800,000". Risiti ipo na saini zipo. Kilichokosekana ni faida yake, na kosa lilikuwa letu.

Wengi wenu mnamkumbuka kijana wetu aliyekimbia UMISSETA akiwakilisha mkoa. Tangu akiwa mdogo alikuwa akipanda na kushuka milima hii kwenda shule, na mbio za mita 5,000 kwake zilikuwa kama kutumwa dukani. Baada ya mashindano akatokea mtu mmoja mjini, akajitambulisha kuwa wakala wa vyuo vya Marekani. Alitaka shilingi milioni tatu za kuanzia, na asilimia kumi ya ufadhili kijana akishapata chuo. Mama yake akauza ng'ombe na iliki ya msimu mzima. Mjomba wake akaja kwetu kuomba tujazie. Tukajazia. Kijana akasaini mkataba. Baada ya miezi mitano simu ya wakala haikupatikana tena.

Kijana mwenyewe yuko hapa leo, ametuketisha chini na kuturuhusu tuyaseme haya ili wadogo zake wasiingie shimo lile lile. Tunamshukuru.

Ndugu zetu, njia yenyewe ni ya kweli, na hilo lazima tulikubali. Watanzania wameipita. Suleiman Nyambui, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, na mwaka huo huo wa 1980 akawa bingwa wa mbio za nyika za vyuo vya Marekani. Gidamis Shahanga naye alipita chuo hicho hicho. Karibu zaidi na sisi, Hasheem Thabeet alitoka Makongo, Dar es Salaam, akamalizia sekondari Marekani, akachezea mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi ya NBA mwaka ule. Kwa hiyo mtu akija kijijini na kusema "mtoto wako anaweza kusoma Marekani kwa miguu yake", hasemi uongo. Uongo unaanzia pale anaposema kwamba mlango huo unafunguliwa kwa fedha yako.

Sisi ni wahasibu, na kazi yetu ni kuuliza nani anamlipa nani na kwa kanuni gani. Swali hilo tulipaswa kuliuliza mwaka 2021. Tumeliuliza kwa kuchelewa, tukasoma kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, na tunawaletea tuliyoyakuta.

Jambo la kwanza ni fedha. Ufadhili wa michezo hutolewa na chuo chenyewe, kwa maandishi, na hauuzwi. Kocha anayemtaka mchezaji humtafuta bila kumdai senti, na chuo kikimwalika rasmi kwenda kukitembelea, sheria zinakiruhusu kugharamia safari hiyo. Ufadhili kamili hulipa ada, malazi, chakula na vitabu. Lakini si kila chuo kinao. Vyuo vya NCAA viko katika madaraja matatu, na vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Mtu akiwaahidi ufadhili wa michezo katika chuo cha daraja la tatu, mwonyesheni njia ya kushuka Korogwe.

Jambo la pili ndilo lililotuumiza zaidi. Sheria zinamruhusu mchezaji kutumia huduma ya kusambaza taarifa zake kwa vyuo, ikiwa malipo ya huduma hiyo hayategemei kupata ufadhili. Malipo yakitegemea ufadhili, mchezaji anajiweka katika hatari ya kupoteza sifa ya kucheza. Sasa rudini kwenye mkataba ule: asilimia kumi ya ufadhili. Hata kama yule mtu angekuwa mkweli na mwaminifu, karatasi aliyoiandika ilikuwa inamfungia kijana mlango ule ule aliodai kuufungua. Na fedha yetu ilisaidia kuilipia karatasi hiyo.

Jambo la tatu ni darasa. Ili mchezaji mpya aruhusiwe kushindana katika daraja la kwanza, lazima awe na masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa hesabu yao ya miaka minne: Kiingereza miaka minne, Hisabati mitatu, Sayansi miwili, pamoja na maarifa ya jamii na masomo mengine. Wastani wake usipungue 2.3 katika kipimo cha 4.0. Kwa daraja la pili ni 2.2. Mtihani wa SAT, uliokuwa ukiwatisha wengi, NCAA iliuondoa katika masharti yake mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza bado kuutaka. Riadha, mpira na mazoezi ya viungo havihesabiwi kati ya masomo hayo 16.

Jambo la nne ni muda. Kwa michezo mingi, makocha wanaruhusiwa kuanza kuwasiliana na mchezaji tangu Juni 15, miaka miwili kabla hajamaliza sekondari. Maana yake wanamtazama mtoto akiwa bado darasani. Akishamaliza, saa inaanza kuhesabu. Akikaa nyumbani mwaka na zaidi huku akishindana katika mashindano yaliyopangwa rasmi, anaweza kupunguziwa misimu ya kucheza chuoni. Na masomo aliyoshindwa, nafasi ya kuyafidia baada ya kumaliza ni ndogo mno.

Mwaka jana mwalimu mmoja alimsaidia kijana wetu kuandika barua pepe kwa makocha kadhaa, bila wakala, akaambatisha muda wake wa mbio na video iliyopigwa kwa simu. Mmoja akajibu. Hakuuliza fedha. Aliuliza mambo matatu: matokeo yako ya kidato cha nne yakoje, ulimaliza lini, na je, umewahi kusaini mkataba na mtu yeyote? Kijana alikuwa na F ya Hisabati, alikuwa amemaliza zaidi ya miaka miwili nyuma, na alikuwa amesaini. Kocha alimjibu kwa heshima, akamtakia heri.

Hapo ndipo tulipoelewa hasara yetu. Tulidhani tumepoteza shilingi 1,800,000. Kumbe fedha ile ile, ingetumika miaka miwili kabla kumlipa mwalimu wa ziada wa Hisabati, ingemsaidia kujibu swali la kwanza. Mbio alikuwa nazo tayari, na hazikuhitaji mchango wetu.

Mlango haujafungwa wote. Viko vyuo vya miaka miwili ambavyo masharti yake ya kuingia ni mepesi, na kijana wetu amerudia mtihani wa Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaendesha bodaboda Korogwe, na Jumapili anapanda mlima kwa miguu. Tunamwombea. Lakini hatutaki mtoto mwingine aanze akiwa nyuma namna hiyo.

Kwa hiyo kamati imeamua, na inawaomba mridhie leo, mambo yafuatayo.

Mfuko wa elimu hautamlipa wakala, dalali wala mtu yeyote anayeahidi chuo, awe wa michezo au wa masomo ya kawaida, awe wa Marekani au wa kwingine. Mzazi akiletewa mkataba, auleta kwetu kabla ya kusaini. Kuusoma ni bure.

Mfuko utasaidia karatasi halali. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa cha RITA mapema, na majina yake yafanane na yale yatakayoandikwa NECTA. Tumeona watoto wenye majina matatu tofauti katika vyeti vitatu. Wala tusipunguze umri wa mtoto ili aonekane chipukizi. Umri wa uongo humfuata mtu hadi uwanja wa ndege. Akipata chuo kweli, kikamtumia fomu ya I-20, ndipo gharama za halali zinapoanza: pasipoti shilingi 150,000, ada ya SEVIS dola 350, ada ya maombi ya viza dola 185, na mara nyingi nauli ya ndege. Hizo tutachangia, kwa risiti, na zinalipwa kwa serikali husika au shirika la ndege. Hazipitii mkononi mwa mtu.

Na sehemu kubwa ya mfuko itakwenda sekondari yetu: vifaa vya maabara, maana sheria zile zile zinadai somo la sayansi lenye mazoezi ya maabara pale shule inapolitoa, na posho ya walimu wa ziada wa Hisabati na Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Mtoto mwenye mbio atafaidika. Asiye na mbio atafaidika vilevile, naye ndiye mwenye idadi kubwa. Katika wanafunzi wote waliopo darasani leo, huenda asipatikane hata mmoja wa kwenda Texas. Lakini wote watafanya mtihani wa Hisabati.

Tunajua mtu anayechangia anapenda kuona kitu cha kupigia picha. Mtoto anayepanda ndege anapigwa picha nzuri kuliko mtoto anayefanya hesabu za ziada saa kumi jioni. Tunawaomba mwaka huu mchangie hizo hesabu za saa kumi jioni.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki. Andikeni kiasi na mwezi mtakaolipa. Kila shilingi itasomwa hapa Desemba ijayo mbele yenu, na ikiwa tumekosea tena, tutaisoma vilevile.

Kwa mama yake kijana, ambaye leo amekaa mstari wa tatu: ng'ombe hatujaweza kumrudisha. Wanakamati tumechanga mifukoni mwetu, nje ya mfuko wa chama, na kiasi kilichopatikana tutamkabidhi baada ya mkutano huu. Mama, tuwie radhi.