Uvimbe Umeshaonekana: Sidiria ya Vihisio na Wanawake wa Bukoba na Muleba



Mhadhara huu ulikuwa uhusu jambo jingine. Nimeubadilisha kwa sababu ya kauli niliyoisikia katika kikao kimoja pale Bukoba. Mhandisi kijana, mwerevu na mwenye nia njema, alisema wanawake wa Kagera wanakufa kwa saratani ya matiti kwa kuwa hawana cha kuwaambia mapema kwamba wana uvimbe. Tiba yake ilikuwa sidiria yenye vihisio, inayotuma ujumbe kwenye simu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Ya msingi mnayajua. Saratani hii ni ya pili kwa wanawake wetu baada ya ile ya mlango wa kizazi, na tathmini ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba takriban wagonjwa 8 kati ya 10 nchini hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Tusonge mbele.

Vifaa hivi haviko sawa, na si haki kuvitia kapu moja. Vipo vinavyopima joto. Julián Ríos Cantú wa Meksiko alikuwa na miaka 18 alipovuma mwaka 2017 na sidiria aliyoiita EVA, baada ya saratani kumnyang'anya mama yake matiti yote mawili. Hoja yake ni kwamba uvimbe wa saratani huvuta damu nyingi, na penye damu nyingi pana joto. Hilo ni kweli. Lakini titi hupata joto kwa sababu nyingine nyingi: kunyonyesha, siku za mwezi, maambukizi, jua. Mama wa Muleba aliyepalilia migomba tangu asubuhi, mtoto mgongoni, kifua chake kitasema nini mbele ya kihisio? Na uvimbe mdogo uliojificha ndani hauhakikishi joto lake litafika kwenye ngozi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya zaidi ya mara moja kwamba kipimo cha joto hakishiki nafasi ya mamografia.

Kisha kuna kile cha Canan Dagdeviren na wenzake wa MIT, kilichochapishwa mwaka 2023. Hiki nakiheshimu. Ni kiraka kinachoshikizwa kwenye sidiria kwa sumaku, kina matundu kama ya sega la nyuki, na kinatumia mawimbi ya sauti kama ultrasaundi ya hospitali. Kiliona vivimbe maji vya sentimita 0.3. Ila kilijaribiwa kwa mwanamke mmoja wa miaka 71, na picha zake zilihitaji mashine ya ultrasaundi pembeni. Dagdeviren alipata wazo hilo akiwa kando ya kitanda cha shangazi yake, aliyekuwa akipimwa mara kwa mara na bado saratani ikagunduliwa imechelewa. Kemisola Bolarinwa wa Nigeria naye alianza sidiria yake baada ya kumzika shangazi. Nyuma ya vifaa hivi kuna ndugu aliyeugua, na ndiyo maana ni vigumu kuvipinga hadharani bila kuonekana huna utu.

Hata hivyo, tupige hesabu. Tuseme wanawake 1,000 wa Bukoba wamevaa kifaa kinachokosea kwa mmoja tu kati ya kila 10 wasio na ugonjwa. Kwa mwaka, mwenye saratani mpya kati yao pengine hafiki hata mmoja. Wanaopokea ujumbe wa kutisha ni karibu 100. Nani atawachoma sindano ya kuchukua kinyama? Kinyama hicho kitasomwa na nani, lini?

Hapo ndipo kauli ya yule kijana inapoporomoka. Kwa sehemu kubwa, wanawake wetu uvimbe wanaujua. Shangazi yangu mwenyewe, mkazi wa Muleba, aliugundua wakati anaoga. Hakukaa kimya: alikwenda kituo kimoja, kisha kingine. Daftari lake la matibabu ninalo. Ukurasa mmoja umeandikwa kwa wino wa bluu, "Jipu? Amoxicillin siku 7." Unaofuata, kwa mwandiko mwingine, "Aendelee na dawa, arudi ikizidi." Ikazidi. Kifaa gani cha kuvaa kingeyafuta maandishi yale?

Mtadhani natunga sera kutokana na msiba wa nyumbani. Basi niruhusuni nikae kidogo kwenye andiko nililolisoma hadi kurasa zimelegea: utafiti wa Lydia Pace na wenzake kutoka Rwanda, uliochapishwa mwaka 2015. Waliwahoji wagonjwa 144 wa saratani ya matiti katika hospitali mbili za vijijini, Butaro na Rwinkwavu. Rwinkwavu haiko mbali. Ukisimama upande wa Karagwe, iko ng'ambo ya Mto Kagera na mbuga ya Akagera. Walichofanya ni kitu ambacho wengi wetu hatukifanyi: waliugawa ucheleweshaji. Muda wa mgonjwa, tangu aone dalili hadi afike kwa mhudumu, waliuhesabu peke yake. Muda wa mfumo, tangu afike hadi apewe jibu, nao peke yake. Kila mmoja ulikuwa na wastani wa kati wa miezi 5. Jumla ilikuwa miezi 15.

Nawasikia mnaonong'ona kwamba 5 na 5 ni 10. Hiyo ndiyo tabia ya wastani wa kati, haujumlishwi kama shilingi, maana aliyechelewa nyumbani si lazima ndiye aliyecheleweshwa na mfumo. Linalonishika zaidi ni sifa za waliochelewa. Kwa upande wa mgonjwa: elimu ndogo, na kuanzia kwa mganga wa kienyeji. Kwa upande wa mfumo: kutembelea vituo mara 5 au zaidi kabla ya jibu. Someni tena hilo la mwisho. Hao ni wanawake waliogonga mlango mara 5! Na waliocheleweshwa miezi 6 au zaidi, nyumbani au kituoni, walielekea kukutwa na ugonjwa uliokomaa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike. Mfikirieni mama wa kisiwa cha Bumbire: boti hadi nchi kavu, gari hadi Bukoba, kisha Ziwa lote hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Siku 60 zinaweza kuisha kwenye nauli tu.

Badala ya kifaa, mimi nautetea mkono unaopapasa titi. Hapo mpinzani wangu ana silaha moja nzuri, nami sitaificha. Kule Shanghai, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waliingizwa katika jaribio. Nusu walifundishwa kujipapasa matiti. Matokeo ya 2002: vifo havikupungua. Basi mkono nao si umeshindwa? Nasema ulishindwa mkono wa mwenye titi, tena mahali ambapo kiwandani kulikuwa na wahudumu wa afya. Mumbai ilikuwa tofauti. Huko wanawake 151,538 walifuatiliwa kwa miaka 20, na waliopapasa ni wahudumu wa kike waliofunzwa, kila baada ya miaka 2. Uvimbe uligunduliwa mapema zaidi. Vifo kwa ujumla havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika kitakwimu, ila kwa wenye miaka 50 na kuendelea vilipungua kwa karibu asilimia 30. Ushahidi huo una mipaka, nakubali, hasa kwa kuwa wagonjwa wetu wengi ni vijana kuliko wa Ulaya. Bado nauamini mkono wa muuguzi, na wanaonifahamu wanajua sitabadilika leo.

Sababu yangu iko hapa hapa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983. Leo mjamzito yeyote anayefika kliniki ya mama na mtoto, hata kwenye zahanati ya kijiji, anapimwa na kupewa jibu kabla hajaondoka. Njia hiyo tumeshaichonga. Kwenye kliniki zile zile mlango wa kizazi unapimwa kwa siki, na muuguzi anayepaka siki anaweza kupapasa matiti katika ziara ile ile. Kinachokosekana ni hatua inayofuata: mtu wa kuchoma sindano katika hospitali za Rubya, Ndolage au Kagondo, chupa ya fomalini isiyoisha, na basi linalopeleka sampuli kwa siku inayojulikana.

Kwa hiyo ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya halihitaji bajeti. Kwenye rejesta ongezeni safu mbili: tarehe mwanamke alipoonyesha uvimbe, na tarehe alipopewa jibu la kinyama. Mwakani tukutane na rejesta hizo mezani. Yule mhandisi naye aje, na kifaa chake. Kikipunguza siku kati ya tarehe hizo mbili, nitakinunua kwa pesa yangu.