Kuzitambua na Kuziondoa Programu Zilizomo Ndani ya Kompyuta

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata



Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaufahamu usemi huu, na kila jioni huhesabu bidhaa zake. Kompyuta nayo ina daftari lake linaloorodhesha kila programu iliyosakinishwa, lakini wengi wa wenye kompyuta hawajalifungua hata mara moja.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Katika steshenari moja ya mtaani, kompyuta hupitisha nakala za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi na fomu za mikopo ya wanafunzi. Mara nyingi kompyuta hiyo imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, nayo huja na programu alizoziacha mmiliki wa kwanza. Kilichomo ndani yake kinamhusu kila aliyepeleka karatasi zake pale zichapwe.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja iliyozoeleka. Kufuta kipicha cha programu kinachoonekana kwenye skrini si kuiondoa programu. Kipicha hicho ni njia ya mkato tu. Kukifuta ni sawa na kung'oa kibao cha duka huku duka likiendelea na biashara. Programu yenyewe hubaki katika mafaili yake, na huenda ikajiwasha kila kompyuta inapowashwa.

Katika kompyuta inayotumia Windows 11, daftari hufunguliwa kwa kuingia Settings, kisha Apps, kisha Installed apps. Katika Windows 10, sehemu ya mwisho huitwa Apps & features. Orodha huweza kupangwa kwa tarehe ya kusakinishwa, na mpangilio huo hufichua upesi programu iliyoingia bila mwenyewe kujua. Anayetaka kuondoa programu huichagua na kubofya Uninstall.

Katika Ubuntu, amri ya apt list --installed huonyesha vifurushi vilivyomo. Amri ya sudo apt remove, ikifuatiwa na jina la kifurushi, hukiondoa lakini huyaacha mafaili ya mipangilio yake. Sudo apt purge huyaondoa na hayo pia. Vifurushi vilivyoingia kama wasaidizi na sasa havihitajiki huondolewa kwa sudo apt autoremove.

Zipo programu za kuangaliwa kwanza. Programu za kuongozea kompyuta kutoka mbali, kama vile TeamViewer na AnyDesk, ni halali na huwafaa mafundi. Hata hivyo, ikiwa fundi aliweka nenosiri la kudumu kisha akaondoka, anaweza kuingia tena bila mwenye kompyuta kuombwa ruhusa. Pia zipo programu zilizokwisha muda wake. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, ikawashauri watumiaji waiondoe, kwa kuwa programu isiyopokea marekebisho hubaki na nyufa ambazo hakuna anayeziziba.

Tahadhari nayo ni ya lazima, maana si kila jina geni ni adui. Microsoft Visual C++ huonekana mara nyingi katika orodha, kila moja na mwaka wake, na mtu huweza kudhani ni marudio yasiyo na kazi. Kumbe programu nyingine huzitegemea, na zikiondolewa, hizo nyingine hugoma kufunguka. Vivyo hivyo kwa viendeshi vya printa, sauti na mtandao. Jina lisilofahamika litafutiwe maelezo kwanza, na nyaraka muhimu zinakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya kuondoa chochote. Kompyuta iliyo mali ya ofisi isiguswe bila idhini ya Afisa TEHAMA.

Baada ya kuondoa, kompyuta izimwe na kuwashwa upya, kisha orodha isomwe tena. Ikiwa iliyoondolewa ilikuwa ya kuongozea kutoka mbali na haikujulikana ilivyoingia, manenosiri ya barua pepe na ya huduma za fedha yabadilishwe, tena kupitia kifaa kingine kilicho salama. Kuondoa programu hakurudishi siri iliyokwisha kuchukuliwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari anayeisoma orodha yake kila mwezi anawalinda wateja wake, na mteja anayeuliza kompyuta ile imekaguliwa lini hamvunjii mtu heshima: anauliza habari za mali yake.