Meno Kulika Si Meno Kuoza

Leo tunazungumzia meno kulika.

Jino likioza, viini na sukari hulitoboa shimo. Jino likilika, gamba lake gumu la nje hupungua polepole bila shimo. Tofauti hii ni muhimu, kwani wengi hukimbilia kung'oa jino ambalo lingeweza kuokolewa.

Je, jino hulika vipi? Kwanza, kwa kusagana na jino lingine. Wako wanaosaga meno usingizini, na dereva anayetafuna miraa usiku kucha akingoja kuvuka mpaka huyachosha vivyo hivyo. Pili, kwa kusuguliwa: mswaki unaokandamizwa kwa nguvu, mkaa, majivu, au mchanga ulioingia katika unga wa mihogo na wimbi vilivyoanikwa chini. Tatu, kwa asidi. Gamba la jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na soda ya kola iko karibu 2.5. Ndimu na ukwaju pia vina asidi. Miraa nayo hukausha mdomo, ilhali mate ndiyo kinga ya jino. Ukiishushia kwa soda, madhara huongezeka. Asidi ya tumboni pia hulisha meno ya anayetapika au kupata kiungulia mara kwa mara.

Dalili ni hizi: meno ya mbele kuwa mafupi na membamba nchani, magego kuwa bapa au na vibonde, rangi ya manjano, kwa kuwa tabaka la ndani linaonekana, mkato karibu na ufizi, na ganzi unapokunywa kitu baridi au moto.

Msikilizaji, gamba likiisha halioti tena. Kunywa maji badala ya soda. Baada ya soda au kutapika, sukutua kwa maji na ungoje nusu saa hadi saa moja kabla ya kupiga mswaki. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, mara mbili kwa siku. Anika nafaka juu ya turubai. Na kabla ya kung'oa, mwone daktari wa meno: anaweza kuziba palipolika, au kukutengenezea kinga ya kuvaa usiku ikiwa unasaga meno.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.