Mtoto Anakula, Mbona Anavimba?

(Mazungumzo na wawakilishi wa jumuiya ndogo ndogo katika ukumbi wa parokia)

Leo hatukuja na habari za mikopo wala mizinga ya nyuki. Tuna swali moja tunaloulizwa kila tukitembelea nyumba: mtoto anapewa uji asubuhi na ugali jioni, mbona miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, na hataki kucheza na wenzake? Wengine husema ni laana. Wengine husema amenenepa, na hilo ndilo baya zaidi, maana aliyenenepa hapelekwi hospitali.

Tuanze mdomoni. Chukua tonge la ugali bila mboga, ulitafune pole pole bila kumeza. Baada ya muda utaonja utamu kidogo. Nani ametia sukari? Ni mate. Ndani ya mate mna kimeng'enya, yaani kitu kinachokata chakula vipande vidogo ambavyo mwili unaweza kuvitumia. Kimeng'enya cha wanga hakiwezi nyama, na cha nyama hakigusi mafuta. Kila kimoja na kazi yake, kama ufunguo na kufuli lake.

Sasa protini, ile ya nyama, omena, mayai, maziwa, maharagwe na ndengu. Hebu fikirini mkufu wa shanga. Tumboni, asidi na kimeng'enya kiitwacho pepsini huanza kukata uzi. Katika utumbo mwembamba, vimeng'enya kutoka kwenye kongosho humalizia. Zile shanga huitwa asidi amino, ziko aina 20 hivi, na mwili huzitunga upya kuwa misuli, damu, ngozi na nywele. Mahindi yana upungufu wa shanga moja iitwayo laisini. Maharagwe yanayo kwa wingi. Kwa hivyo waliotuachia githeri hawakukosea hata kidogo.

Mafuta nayo ni mkaidi. Mmeosha sufuria ya nyama kwa maji baridi, mnajua. Nyongo inayotoka kwenye ini hufanya kazi kama sabuni, inayagawa mafuta kuwa matone madogo, ndipo kimeng'enya kiitwacho lipasi kinayakata. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na ya wanga au protini hutoa 4. Kijiko cha mafuta katika uji wa mtoto si anasa, jameni. Hata maziwa ya mama yana mafuta, tena yanakuja na lipasi yake ndani!

Lakini mafuta hayawezi kusafiri peke yake katika damu. Ini huyafunga ndani ya protini kwanza, kama mahindi yanavyotiwa kwenye magunia. Magunia yakikosekana, mzigo unabaki ghalani. Ndiyo maana ini la mtoto mwenye kwashiorkor hujaa mafuta ilhali mikono yake ni myembamba.

Jina hilo kwashiorkor lilitoka kwa Waga wa nchi ambayo leo ni Ghana. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina walilotumia akina mama wenyewe: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Huyo tunaye hapa kwetu pia. Ameachishwa ziwa ghafla, amebaki na uji mtupu, halafu surua au kuhara kunamaliza kidogo kilichobaki.

Hapa ndipo tunaomba msikilize sana. Vimeng'enya vyenyewe ni protini. Mtoto aliyekosa chakula kwa muda mrefu, kongosho lake hunywea na vimeng'enya hupungua. Mkiona miguu imevimba, msikimbilie kumshindilia nyama na mayai ili arudi haraka. Mwili wake hauna nguvu ya kuvipokea, na anaweza kufa. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huko huanza na maziwa maalum yenye protini kidogo, kidogo kidogo usiku na mchana, na dawa za kuzuia maambukizi. Nyama itafuata baadaye.

Kwa watoto wazima, kazi iko mezani. Yai apewe, eti atachelewa kusema, si kweli. Na firigisi ya baba, wazee mtusamehe, inaweza kugawanywa. Lakini yai bila chakula cha kutosha ni hasara: mwili ukikosa nguvu huichoma protini, kama fundi anayepikia chai kwa mbao za kiti, na taka yake hutoka kwenye mkojo.

Tatizo lingine ni tumbo dogo. Uji mwepesi ni maji matupu, na mzito haumezeki. Dawa yake mnayo: kimea cha wimbi. Loweka wimbi usiku mmoja, uifunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu ichipue, ianike, uondoe machipukizi, usage. Pika uji mzito, uuache upoe kidogo, kisha tia kijiko cha kimea na ukoroge. Vimeng'enya vya wimbi vitakata wanga na uji utalegea bila kuongeza maji. Ukiutia wakati unatokota, moto utaviua na hutaona kitu. Ukishalegea, uchemshe tena kidogo kwa usafi.

Wimbi iliyochipua iko hapa mbele, na uji mzito uko jikoni. Mama mmoja aje akoroge, na baba mmoja aje ashike sufuria.