Mtoto Asiwe Mjumbe: Jinsi Ushauri wa Familia Unavyosaidia Nyumbani

Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumzia maneno: yale tunayosema nyumbani, na yale tunayoyanyamazia.

Nianze na kisa. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wenyewe wasitambulike. Mama mmoja alimleta zahanati binti yake wa gredi ya saba. Mtoto alikuwa akiumwa na tumbo na kichwa, hasa mwisho wa mwezi. Tulipima malaria, tukapima choo na mkojo, hatukuona ugonjwa. Nikampa dawa ya maumivu. Akarudi, nikampa tena. Mara ya tatu ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza: "Nyumbani mnaishi na nani, na mambo yakoje?"

Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa. Pesa za matumizi alizituma kwa M-Pesa kwa mamake mzazi, ambaye watoto humwita susu. Mkewe alikasirika, wakaacha kusemezana. Tangu hapo kila neno likapitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako pesa za unga ziko kwa susu." "Mwambie baba yako karo haijalipwa." "Ukienda kwa susu, sikiliza anasema nini juu yangu." Pesa zilikuja mwisho wa mwezi, na tumbo nalo liliuma mwisho wa mwezi.

Mama, mtoto yule hakuwa akijisingizia. Mtoto anayebeba ugomvi wa watu wazima anaweza kuumwa kweli. Halali vizuri, hali vizuri, na masomo yanashuka. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Sasa, ushauri wa familia ni nini? Ni pale mshauri aliyefunzwa anapoketi na watu wa nyumba moja kwa pamoja, badala ya kumtibu mmoja tu. Si kesi ya wazee, wala si baraza la chifu. Hakuna anayetozwa mbuzi. Mshauri hatafuti mwenye makosa. Anaangalia jinsi mnavyoongea: nani humkatiza nani, nani hunyamaza, nani hutumwa. Kisha anawasaidia kujaribu njia nyingine mkiwa pale pale mbele yake, halafu mnakwenda kuifanyia mazoezi nyumbani.

Usidhani haya ni mambo ya wazungu au ya matajiri wa Nairobi. Huko Eldoret kulianzishwa mpango unaoitwa Tuko Pamoja, uliotayarishwa na watafiti wa Kenya na wa Marekani. Washauri wake hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida ambao majirani walikuwa tayari wanawaendea kwa mawaidha, wakafunzwa na kusimamiwa. Matokeo ya majaribio ya kwanza yalichapishwa mwaka 2020. Familia zilikuwa chache, lakini mahusiano yao na hali yao ya akili vilionekana kuimarika.

Turudi kwa binti yetu. Baba alipokuja Desemba, waliketi wote na mshauri. Susu ndiye aliyekuwa mgumu zaidi, mpaka alipoulizwa anaogopa nini. Akasema anaogopa kusahaulika uzeeni. Mkewe mwanawe hakuwahi kulisikia neno hilo. Walikubaliana mambo matatu tu. Baba ampigie mkewe simu mwenyewe kila Jumapili jioni. Pesa zikija, mama na susu wote waambiwe ni kiasi gani na ni za nini. Na binti asitumwe maneno tena. Je, ugomvi uliisha? Hapana. Lakini sasa wanagombana wenyewe kwa wenyewe, na binti hajarudi kwangu kwa sababu ya tumbo.

Hata kabla ya kumwona mshauri, unaweza kuanza leo.

Kwanza, neno la mtu mzima lipeleke mwenyewe.

Pili, sema jinsi unavyojisikia badala ya kumshtaki mwenzako. Badala ya "Wewe hujali watoto," sema, "Usipopiga simu ninakuwa na wasiwasi."

Tatu, mwache mwenzako amalize, kisha rudia ulichosikia: "Unasema hivi, sivyo?"

Nne, tafuta wakati mzuri. Usianze mazungumzo magumu mtu akiwa na njaa, amelewa, au mbele ya wageni.

Tano, mpe mtoto dakika kumi kila siku mkichambua maharagwe au mkitoka kuteka maji. Sikiliza bila kumkemea.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Kama nyumbani kuna kupigwa, kutishwa au mtoto kunajisiwa, usianze kwa kuketi pamoja. Anayesema ukweli mbele ya mshauri anaweza kuadhibiwa akifika nyumbani. Usalama kwanza. Piga 1195 kwa dhuluma za kijinsia, au 116 kwa mambo ya mtoto. Simu hizi ni za bure, mchana na usiku. Na mtu yeyote akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia ni karibu. Ongea na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu, au na muuguzi wa zahanati yako. Atakuelekeza kwa mshauri, au kwa hospitali ya rufaa ya kaunti, iliyo Kitui mjini na Wote. Mume akikataa kuja, nenda wewe. Mmoja akibadilisha jinsi anavyojibu, nyumba nzima huanza kubadilika.

Sisi Wakamba tunajua mwethya. Matuta ya shamba hayachimbwi na mtu mmoja. Nyumba nayo ni hivyo hivyo.

Jioni hii, kabla ya kumwambia mtoto, "Nenda ukamwambie baba yako," simama kidogo, uende mwenyewe. Hadi kipindi kijacho, kaa salama.