Mitambo Shuleni na Mwendo wa Habari: Mada kwa Walimu Wakuu wa Ozi, Kipini na Garsen



Mas-ala niliyotakiwa kuyazungumza mbele yenu ni namna kiongozi wa shule, ambaye moyo wake umeelekea kwenye mitambo ya kisasa, anavyoweza kujenga shule yenye mwenendo mwema, ambamo mtoto huingia asubuhi bila hofu na mwalimu hutoka jioni bila kinyongo. Aghlabu mas-ala haya huzungumzwa kwa kuhesabu vyombo: shule fulani ina tarakilishi ngapi, nyingine ina projekta au haina, umeme umefika au bado. Mimi naomba idhini yenu niyatazame kwa upande mwingine, kwa sababu nimesadiki kwamba chombo chochote kiletwacho shuleni, kiwe cha thamani au kiwe simu ya kubonyeza iliyofungwa kwa mpira, kazi yake kubwa ni kuchukua habari kwa mtu mmoja na kumfikishia mwingine. Na kwamba wema wa shule hujulikana kwa jinsi habari zinavyotembea ndani yake, kama ni za kweli na zenye heshima, na kama aliye chini naye husikilizwa na aliye juu.

Ozi ni mahali panapodhihirisha jambo hili kuliko miji mikubwa. Kijiji hiki cha Wapokomo kimekaa kando ya maji, karibu na pale Tana, mto mrefu kuliko yote katika Kenya, unapoingia Bahari ya Hindi kule Kipini. Watu wake wameishi kwa mpunga, ndizi, maembe na samaki, wakiwa jirani na mikoko, na wakati wa gharika mtumbwi ndio njia yao. Katika miaka ya karibuni maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni na kuingia mashambani, hata mzazi aliyezoea kuuza mpunga apate fedha za sare ya mwanawe hujikuta hana la kuuza. Mwalimu mkuu wa mahali kama hapa hawezi kujidanganya kwamba intaneti itakuja kumtengenezea shule. Anajua kwamba bando hununuliwa kwa shilingi ambazo zingenunua unga, na kwamba simu nyingi huchajiwa kwa jirani mwenye paneli ya sola. Kwa ajili hiyo kila chombo hapa hulazimika kuonyesha faida yake, na hilo naliona kuwa ni neema kwa kiongozi mwenye kutaka kufikiri.

Mnakumbuka kwamba katika uchaguzi wa mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kila mtoto aingiaye darasa la kwanza chombo chake cha kidijitali, na kwamba tangu mwaka 2016 mradi wa kitaifa ulianza kuzifikishia shule za msingi za umma vishikwambi vya watoto, pamoja na vyombo vya walimu na projekta. Nimeingia katika shule moja, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa kabati la chuma lenye kufuli mbili. Lilipofunguliwa, vishikwambi vilikuwa vimepangwa safu safu, karatasi laini ya plastiki ya kiwandani ingali juu ya vioo vyake, betri zimekufa kwa kutochajiwa, na watoto ambao vililetwa kwa ajili yao walikwisha kuondoka shuleni zamani. Simlaumu mwalimu mkuu aliyeshika funguo zile, kwa maana aliyoambiwa siku ya kupokea ni kwamba kila kimoja kina namba, na kikipotea ni yeye atakayeulizwa. Hakuna aliyemwambia kwamba vikikaa bila kutumiwa ataulizwa vile vile. Hofu hiyo ikashuka ngazi kwa ngazi: mwalimu mkuu alimwogopa mkaguzi, walimu wakamwogopa mwalimu mkuu, na mtoto wa darasa la kwanza akajifunza, hata kabla hajazijua herufi, kwamba vitu vizuri vya shule si vyake.

Dawa ya hofu hii haiuzwi dukani. Ni azimio la bodi, lililoandikwa katika kumbukumbu za mkutano na kusomwa mbele ya wazazi, kwamba chombo kikiharibika mikononi mwa mtoto kwa kutumiwa kwa adabu, mwalimu hatadaiwa. Na ni daftari la kawaida, lenye kushikwa na wanafunzi wa darasa la juu, ambamo huandikwa nani amechukua, saa ngapi, na amerudisha katika hali gani. Watoto waliokabidhiwa daftari la namna hii huwa wakali juu ya amana yao kuliko kufuli yoyote. Nami nathubutu kusema kwamba kiongozi apendaye mitambo, kama hajatia saini azimio kama hilo, mapenzi yake bado yako mdomoni.

Nakuja kwa walimu. Leo mwalimu mkuu hutakiwa kuingiza majina na hesabu za wanafunzi katika mtandao wa Wizara ya Elimu, na kuthibitisha tathmini za walimu wake katika ule wa Tume ya Huduma za Walimu, TPAD. Mwendo wa habari hizi ni wa kupanda tu: huondoka kijijini usiku, wakati mtandao umetulia, zikaenda Nairobi, na aghlabu hazirudi katika chumba cha walimu zikiwa na faida yoyote. Mwalimu akijua kwamba jina lake limepandishwa juu na yeye hajui limeandikiwa nini, huanza kumtazama mkuu wake kwa jicho la pembeni, na shule ikisha kuingiwa na jicho la pembeni, hata masomo yaliyorekodiwa kwa ufundi mkubwa hayataiponya. Basi ada iwe hivi: lolote utakaloliandika juu ya mwalimu, mketi naye kwanza, mlisome pamoja, umsikilize, ndipo ulitume. Hilo halihitaji mtambo mpya, lakini laugeuza ule uliopo.

Ushahidi kwamba uchache wa vyombo haumzuii mtu tunao hapa hapa Kenya. Mwezi wa Machi 2019, mjini Dubai, mtawa wa Kifransisko Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, katika kijiji kiitwacho Pwani huko Nakuru, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, yenye thamani ya dola 1,000,000. Shule yake ilikuwa na tarakilishi moja na intaneti ya kubahatisha. Yeye alikuwa akienda katika duka la intaneti, akiyapakua masomo, na kurudi nayo darasani yatumike bila mtandao. Lakini la kuzingatia zaidi ni kwamba eneo lile lilikuwa na majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na mwalimu huyu, pamoja na majaribio yake ya sayansi, alianzisha chama cha amani ambamo watoto wa makabila mbalimbali walijadiliana na kupanda miti pamoja. Sayansi na amani zilikwenda mkono kwa mkono katika shule moja, kwa sababu mtoto aliyezoea kutaka ushahidi wa jambo katika maabara hupata ujasiri wa kuutaka na nje ya maabara.

Na hapa ndipo ninapofika katika kiini cha maneno yangu, ambacho hakikutoka Nakuru wala Dubai, bali kimetoka katika delta hii yenu ya Tana. Hakuna mtu katika mkutano huu anayehitaji kukumbushwa mwezi wa Agosti na wa Septemba mwaka 2012, katika vijiji vya Riketa na Kilelengwani, wala mauaji yaliyoendelea hata mwanzoni mwa 2013, ambayo yaliwachukua Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji zaidi ya mia moja, wake kwa waume na watoto. Chanzo kilikuwa ugomvi wa ardhi, malisho na maji, ukichochewa na siasa; walakini katikati ya ugomvi ule palikuwapo pia uvumi, uliosafiri kwa simu kutoka kijiji hadi kijiji: wale wamejikusanya, wale wamenunua silaha, usiku wa leo watakuja. Mtu aliyepata uvumi kama huo hakuwa na mahali pa kuuliza, na asiyekuwa na mahali pa kuuliza hushika panga mapema.

Baada ya misiba ile, shirika moja la Kanada, Sentinel Project, lilianzisha pamoja na watu wa delta huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia neno la kutisha alituma ujumbe mfupi au alipiga simu. Neno lile lilipokewa na kupimwa uzito wake, likaulizwa kwa watu waaminifu waliojitolea katika vijiji vya pande zote na kwa wenye mamlaka, kisha jibu likarudishwa kwa simu zile zile: ni kweli, au si kweli, au lingali likichunguzwa. Angalieni urahisi wake. Haikuhitaji kishikwambi wala projekta. Ilihitaji simu ya kubonyeza, na watu ambao Mpokomo na Muorma waliweza kuwaamini kwa pamoja. Mimi nasema kwamba jambo hili, lililobuniwa kwa ajili ya vijiji, lilistahili tangu hapo kuingia katika mwenendo wa shule.

Kwa maana shule nayo ina uvumi wake. Mwalimu fulani amempiga mtoto, fedha za chakula zimeliwa, mtoto wa wafugaji ameiba simu ya mtoto wa wakulima: maneno kama haya huingia katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi saa mbili za usiku, na kufika saa tatu yamekwisha kuwa fatuwa. Mwalimu mkuu mwenye busara ataweka mzazi mmoja wa kila upande, mama na baba, wa shambani na wa malisho, ambao kazi yao itajulikana na wote kuwa ni kuuliza kabla ya mtu mwingine kusema. Naye atajifunga kuwajibu kwa ukweli kabla ya jua kuchwa, hata pale ukweli utakapokuwa mchungu kwake mwenyewe. Na wanafunzi wafundishwe vivyo hivyo katika somo lolote linalotokea: habari hii imetoka kwa nani, aliiona au aliisikia, nani mwingine ameiona. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi, na mimi sijui sura ya ujuzi huo iliyo na haja zaidi katika Garsen kuliko hii.

Katika vikundi hivyo hivyo iko hatari nyingine, ya picha. Shule hupenda kuonyesha watoto wake wakipokea uji, viatu au vitabu vya wafadhili, na mtoto aliyenyoosha mikono apate kiatu hubaki katika simu za watu mpaka atakapooa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuzichapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, hadhi ya mtoto maskini ingetosha kuwa sababu.

Mwisho nazungumzia gharika, kwa kuwa ndiyo itakayotujaribu tena. Mwaka 2024 muhula wa pili ulikuwa uanze Jumatatu ya tarehe 29 Aprili, na tangazo la kuuahirisha kwa ajili ya mvua lilitoka usiku wa kuamkia siku ile ile. Likafuatwa na jingine, na shule hazikufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei. Katika delta, ambako Tana ilikuwa imefurika, nani alilipata tangazo lile kwa wakati? Namba nyingi zilizoandikwa katika madaftari yetu ni za akina baba walioko Malindi na Mombasa kwa kazi, na ujumbe huwafikia wao, ilhali mama anayemvika mtoto sare na kumpandisha mtumbwini hana simu, au anayo na haina chaji. Mwalimu mkuu aliyetuma ujumbe kwa wazazi wote kwa mara moja hudhani amewaambia wote.

Kwa hiyo naomba kila shule, kabla ya mvua za masika, iandike upya orodha yake: kwa kila mtoto, namba ya mtu anayelala naye nyumba moja, na kwa kila nyumba isiyokuwa na simu, jina la jirani aliyekubali kuchukua habari kwa miguu, na jina la mwenye mtumbwi pale miguu isipofaa. Orodha hiyo ijaribiwe siku ya jua, ili ionekane ni nyumba zipi ambazo neno halikufika, nazo ziendewe na mwalimu mwenyewe. Nazisihi bodi zilitie jambo hili katika ajenda ya mkutano wa kwanza wa muhula, na ujira wa mpiga kasia uandikwe katika bajeti, mstari mmoja na gharama ya bando.